Neno la Kwanza la Chiriku

Kwa miaka ishirini na miwili hakuna aliyeanza somo katika kitengo cha elimu maalumu kabla ya kengele ya mwalimu wake mkongwe kulia. Ilikuwa kengele ndogo ya shaba, mpini wake wa mbao umepauka kwa kushikwa, na aliipiga mara tatu tu: moja ya kukaa, moja ya kutulia, moja ya kumtazama. Watoto waliomshinda kila mtu, waliojificha chini ya meza, waliolia kwa sababu kola ya shati inawasha shingoni, wote waliijua. Ndiyo maana shule nzima, kuanzia mkuu hadi mpishi, ilimwita Mwalimu Kengele, na jina lake la kwenye cheti likabaki huko huko kwenye cheti.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, mwenye miguu ya kuvimba kila ikifika jioni na sauti isiyopanda hata akiudhika. Hakuwa mtu wa majivuno, au ndivyo alivyojidhania. Lakini wageni wakitembelea kitengo, usingekosa kumsikia akisema "mtoto wangu huyu", na "huyu nilimpokea hajui hata kushika kikombe". Watoto walikuwa kumi, na wote kumi walikuwa wake.

Aliyemkaa moyoni zaidi ni msichana wa miaka tisa aliyelelewa na bibi yake mzaa mama. Bibi alimpa jina la Chiriku angali mchanga, kwa jinsi alivyobwabwaja kutwa mgongoni. Alipotimiza miaka miwili maneno yakamkauka, moja baada ya jingine, mpaka yakaisha. Hospitali wakasema ni usonji. Jina likabaki, mwenye jina akanyamaza. Alipoletwa shuleni akiwa na miaka sita, alikuwa akijiuma mkono wa kushoto mpaka unatoka damu. Mwalimu Kengele alikaa naye sakafuni mwaka mzima, akimpa kitambaa cha kufinya kila meno yalipoelekea mkononi, hadi siku moja mtoto akakitafuta kitambaa mwenyewe. Mkono ukapona, likabaki kovu. Neno halikutoka, lakini Mwalimu Kengele alikuwa akilingoja. Alikuwa na hakika litatokea pale pale sakafuni, mbele yake.

Basi mwaka ule bomba la maji likapasuka chini ya msingi wa kitengo. Ukuta ukapata ufa wa kupitisha ngumi. Wakaguzi walikuja na kofia zao ngumu, wakapima, wakatikisa vichwa, wakafunga mlango kwa mnyororo. Mkuu wa shule akawaita ofisini walimu wawili wa kitengo.

"Muhula mzima," alisema. "Pengine na nusu ya ujao. Madarasa mengine yamefurika, siwezi kuwaingiza watoto wenu humo. Mtafundisha mtandaoni."

"Watoto wangu?" Mwalimu Kengele aliuliza. "Kwa simu?"

"Kwa simu, mwalimu. Kama una njia nyingine niambie."

Mwalimu wa pili alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, miezi minane tu kazini. Watoto wa shule walimwita Mwalimu Upepo kwa sababu hakuwa anatembea, alikuwa anapita. Kazi alifundishwa na Mwalimu Kengele: usimshike mtoto kwa nyuma, sema neno moja pale wenzako wanaposema kumi, halafu subiri. Msichana alimwita Mama, akamwamkia kila asubuhi, na alikuwa na daftari alimoandika kila alichoambiwa.

"Mama, tunaweza," Upepo alisema walipotoka ofisini. "Nimewaza hivi. Tuwapelekee kwanza vitu nyumbani, vya kushika mkononi, vinavyofanana na vyetu. Tuzunguke wote wawili."

"Mimi si mchukuzi, mwanangu," Mwalimu Kengele akajibu. "Mimi ni mwalimu. Tuanze somo, vitu vitafuata."

Upepo akazunguka peke yake siku tatu, nyumba kwa nyumba, begi la safari mgongoni.

Somo la kwanza Mwalimu Kengele alilifundishia mezani kwake. Mumewe, fundi wa majokofu aliyefanyia kazi uani, aliipandisha kompyuta juu ya sufuria mbili zilizopinduliwa ili kamera imwone usoni. Vikafunguka vyumba kumi ndani ya kioo. Akashika kengele, akapiga ya kukaa. Hakuna aliyekaa. Akapiga ya kutulia. Mtoto mmoja alikuwa ameelekeza simu kwenye dari, mwingine amelibandika sikio kwenye kamera, likajaa kioo kizima. Akapiga ya tatu kwa nguvu mpaka kiganja kikamuuma. Hakuna kichwa kilichogeuka. Alipoonyesha kadi ya rangi, mama mmoja akadakia, "Nyekundu, mwalimu!" wakati mwanawe ameipa kamera mgongo. Chiriku alipita mbele ya simu mara moja, kama mtu anayevuka barabara, akatoweka.

"Kaenda nje, mwalimu," sauti ya bibi ikasema.

Baada ya dakika arobaini walibaki wazazi watatu na paka.

"Wamenisahau," alimwambia mumewe.

"Kwa wiki moja tu?"

"Wamenisahau, nakwambia. Hawageuzi hata shingo."

Wiki ya pili mkuu wa shule aligawa vipindi: Mwalimu Kengele saa tatu, Upepo saa nne. Mwalimu Kengele hakuambiwa achungulie. Alichungulia mwenyewe, kwa simu ya mumewe, kamera imezimwa, na pale kwenye kioo pakaonekana mraba mweusi ulioandikwa Fundi Majokofu.

Alichokiona hakukitarajia. Upepo hakusalimia kwa maneno mengi. Alisogeza uso karibu, akakaa kimya, akainua kijiko chenye mpini uliozungushiwa kitambaa chekundu. Kila nyumba ilikuwa na kijiko kama kile, kwenye mfuko alioupeleka mwenyewe. Akagonga kikombe mara moja: ko. Kisha akatulia, macho ameyatoa, akasubiri. Mwalimu Kengele alihesabu kimoyomoyo, akafika kumi na moja. Kusubiri kule kulikuwa kwake! Yeye ndiye aliyekifundisha kitoto hiki kusubiri! Ikaja ko kutoka nyumba moja. Ikaja nyingine. Kila mtoto alipogonga, Upepo alimjibu kwa mwendo ule ule, wa haraka kwa haraka, wa polepole kwa polepole. Wazazi aliwaomba wakae nje ya picha. Mtoto akiondoka hakumwita, alimfuata: "Umekwenda dirishani. Tuonyeshe dirisha." Simu ikabebwa, darasa zima likaangalia dirisha. Dakika kumi na mbili, mapumziko ya kurukaruka, kisha kumi na mbili nyingine.

Chiriku alikuwa amekaa. Amekaa kitako, uso mzima umejaa kwenye kioo.

Mwalimu Kengele akawa anachungulia kila siku. Alijiambia ni kazi, mkubwa lazima amwangalie mdogo. Lakini alijijua. Alikuwa akitafuta kosa. Siku akimwona Upepo ameongea kwa haraka, au mtoto amelia, alishusha pumzi kama aliyepewa maji. Siku somo likienda vizuri, alikosa hamu ya chakula cha mchana.

Ikafika Alhamisi ya wiki ya tano. Upepo aligonga kikombe mara mbili, akakifunika kwa kitambaa, akanyamaza. Watoto wakangoja. Chiriku akasogea, akasogea, mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo cha simu. Midomo ikacheza.

"Tena," alisema.

Sauti ilikuwa nzito kidogo, ya mtu aliyeamka usingizini. Bibi akapiga yowe. "Kasema! Jamani, kasema! Mmesikia nyote au nimeota?" Wazazi wakajitokeza kwenye picha wakipiga makofi. Upepo alilia waziwazi, makamasi na kila kitu, huku akigonga kikombe kama alivyoombwa, tena na tena.

Ndani ya mraba wa Fundi Majokofu hapakusikika kitu. Moyo wa Mwalimu Kengele uliruka kwa furaha, hilo ni kweli kabisa. Lakini furaha haikufika mbali. Miaka mitatu alilingoja neno lile. Alikwisha kuliwazia hata jinsi atakavyowasimulia wenzake siku hiyo, atakavyoanza, atakaponyamaza kidogo. Na sasa neno limetoka, limemwendea mtu wa miezi minane. Akazima simu, akaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

"Kuna nini?" mumewe akauliza mlangoni, bisibisi mkononi.

"Chiriku amesema."

"Wee! Amesema nini?"

"Tena."

"Si habari njema hiyo? Mbona unaitoa kama tanzia?"

Mwalimu Kengele alisugua sufuria.

Ratiba ya kitengo ilikuwa mikononi mwake. Jumatatu aliandika kwamba Chiriku aondolewe kipindi cha saa nne, abaki naye saa tatu peke yake, wenzake wasome kwa Upepo, kwa kuwa kelele za vijiko zinamzidi mtoto wa hali yake. Aliipamba sababu kwa maneno ya kitaalamu, mkuu wa shule akapitisha bila kuuliza. Kisha akampigia bibi.

"Ule mfuko uweke juu ya kabati kwanza."

"Lakini anaupenda, mwalimu."

"Ndiyo maana, bibi. Asije akazoea kupita kiasi."

Upepo naye akapiga simu. "Mama, nimekosea wapi?"

"Hujakosea, mwanangu. Mtoto anahitaji utulivu."

"Lakini ndiyo kwanza ameanza kusema!"

"Hapo hapo ndipo penye hatari," alisema Mwalimu Kengele, kwa sauti tamu iliyomtia aibu yeye mwenyewe.

Akabaki na Chiriku peke yao siku tatu. Alipiga kengele, mtoto hakugeuka. Alionyesha picha, akaimba. Siku ya tatu, baada ya kuhakikisha mumewe yuko uani, alichukua kijiko cha jikoni akagonga kikombe. Chiriku alikitazama kijiko. Akaigeuza simu, akatazama nyuma yake kama anayemtafuta mtu aliyejificha pale, halafu akaondoka. Mwalimu Kengele alibaki na kijiko hewani. Alijiona kama mtu aliyevaa nguo ya mwenzake ikambana, na watu wameona.

Ijumaa bibi alipiga simu asubuhi, kabla ya kipindi.

"Mwalimu, sikulaumu, nakueleza tu. Huyu mtoto kila ikifika saa nne anakaa mbele ya simu imezimwa. Anagonga sakafu kwa kidole mpaka kimevimba. Na jana amejiuma."

"Wapi?"

"Pale pale."

Mwalimu Kengele hakungoja chai. Alivaa viatu vya kwanza alivyovikuta, akapita karakana za wachomeleaji na duka la vifaa vya umeme, akakata uchochoro wa nyuma ya kinyozi. Alifika anahema. Kilikuwa chumba kimoja chenye pazia katikati: kitanda upande mmoja, upande wa pili mkeka, kabati refu, na kigoda ambacho simu husimamishwa ikiegemea chupa ya chai. Chiriku alikuwa mkekani, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa cheupe. Juu ya kovu la zamani.

Mtoto hakumkimbilia wala hakumkimbia. Alisimama, akaushika mkono wa mwalimu kwenye kifundo kama mtu anavyoshika koleo, akamvuta hadi kabatini, akauinua ule mkono juu kadiri urefu wake ulivyoruhusu. Hakumtazama usoni. Alikuwa anauelekeza mkono kwenye mfuko.

Mwalimu Kengele aliushusha mfuko. Machozi yalimtoka kabla hajautua.

"Bibi, saa nne tuingie kwa Mwalimu Upepo."

"Si ulisema vijiko vinamzidi?"

"Nilikosea."

Bibi alimtazama. Alikuwa mwanamke mwembamba, asiyependa mizunguko. "Ulikosea, au ulitudanganya?"

"Niliwadanganya. Nilimwonea wivu yule msichana."

"Haya, keti," bibi alisema. "Ila usinikingie mwanga. Anapenda kumwona vizuri."

Saa nne kioo kikafunguka. Upepo alipouona uso wa Chiriku alisahau alichokuwa akisema. Kisha akainua kijiko. Mwalimu Kengele alikaa ukutani, nje ya picha, na kwa mara ya kwanza akaliona darasa kutoka upande wa mtoto: mtu mdogo kama kidole gumba, sauti nyembamba, na kile kijiko halisi mkononi kinachomwambia mtoto kwamba yule mtu mdogo ni wa kweli. Alijua kuwa asingelibuni jambo lile. Lilimchoma, lakini alilikubali.

Darasa lilipokwisha alijisogeza mbele ya simu.

"Mwanangu, ile ratiba haikuwa ya mtoto. Ilikuwa yangu mimi. Nilikuwa naingia darasani kwako kwa siri, na neno lile nililisikia. Nilishindwa kulivumilia."

Upepo aliinamisha kichwa. "Nilijua unaingia, Mama. Nani mwingine angekuja kila siku saa nne kwa jina la Fundi Majokofu?"

Bibi alicheka kwa nguvu kule kitandani. Mwalimu Kengele naye nusura acheke.

"Basi niambie kitu kimoja," akasema. "Wewe ukigonga kikombe wanakuja. Kwa nini nikipiga kengele hawageuki?"

Upepo alichezea kijiko.

"Mama, kengele yako haisikiki."

"Haisikiki vipi?"

"Ile programu inadhani ni kelele, inaifuta. Sisi wa huku tunakuona unatikisa mkono tu. Kikombe changu nacho kilifutwa siku ya kwanza, nikahangaika na mipangilio mpaka kikasikika."

Hakuamini. Akampigia mumewe, akamwambia aingie kwa kompyuta ya mezani na kuitikisa kengele. Mumewe akatokea kwenye kioo cha simu ya bibi, fulana ina madoa ya grisi, akainua mkono na kutikisa. Hapakutoka hata mlio.

"Piga basi!"

"Napiga!" alipaza sauti. "Napiga mpaka jirani katoka nje kuniuliza nauza nini!"

Mkono ulikuwa ukienda na kurudi, kimya kabisa. Mwalimu Kengele akautazama. Wiki sita alikuwa akifanya vile mbele ya watoto wasiosikia kitu. Hawakumsahau. Hakuna aliyewaita.

Akamgeukia Upepo. "Ulilijua hili tangu lini?"

"Siku ya pili, bado tunafundisha pamoja."

"Ya pili! Na hukufungua mdomo?"

"Niliogopa." Sauti ya msichana ilikuwa imepasuka. "Shuleni ukipiga ile kengele, hata mtoto niliyemshika mkononi ananiponyoka anakuja kwako. Miezi minane, Mama. Hakuna hata mmoja aliyenitazama mimi ukiwemo chumbani. Nikasema, acha kwanza wanizoee. Nitamwambia wiki ijayo. Kila wiki nikasema ijayo."

Mwalimu Kengele alihisi mambo matatu, na hayakuja kwa mpangilio wa heshima. La kwanza lilikuwa furaha: watoto walikuwa bado wake. La pili hasira, iliyompandisha sauti kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili. "Umenifanya kichekesho! Wiki sita natikisa mkono kama mwendawazimu!" Na la tatu, ambalo hakumwambia mtu siku ile, lilikuwa utamu mdogo wa kusikia kwamba na yeye alionewa wivu.

"Na wewe umenipokonya mtoto kwa karatasi ya uongo," Upepo akajibu, analia lakini hakurudi nyuma.

"Nyie walimu," bibi akaingilia, akiinyanyua simu kutoka kigodani, "hebu kagombaneni kwa chaji yenu. Yangu imebaki asilimia nne."

Jumatatu Mwalimu Kengele alikwenda kwa mkuu wa shule, akamweleza kwamba sababu aliyoiandika haikuwa ya kweli. Mkuu alimkemea vizuri, kisha akampa ratiba Upepo aishike yeye. Hilo lilimuuma, akalimeza. Upepo alimrekebishia programu, kengele ikasikika, na siku hiyo watoto sita kati ya kumi waligeuka; mmoja alikimbilia mlangoni kuangalia kama mwalimu amefika. Chiriku aligeuka pia, akasikiliza mpaka mlio wa mwisho, halafu akarudia kijiko chake.

Wakagawana kazi upya. Upepo alibaki kiooni, Mwalimu Kengele akawa mtu wa kuzunguka majumbani saa za somo, leo huku, kesho kule, akikaa nje ya picha karibu na mtoto anayehitaji mkono wa pili. Miguu ilivimba zaidi. Wivu haukuisha. Kuna siku alimwona Upepo akipokea busu la mtoto kwenye kioo, akalazimika kutoka nje ajifanye anaangalia hali ya hewa. Lakini alianza kuutaja kwa jina lake. "Leo nimekuonea wivu," alikuwa akimwambia. "Sana au kidogo?" Upepo akauliza. "Wastani."

Neno la pili la Chiriku lilikuwa maji. Hakumpa mwalimu yeyote. Alimwambia bibi yake siku ya Jumapili, simu iko mfukoni imezimwa, wakiwa wanaanika nguo. Bibi aliwapigia wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kombe.

"Amelisemaje?" Mwalimu Kengele aliuliza.

"Vizuri tu."

"Nzito au nyembamba? Alikutazama?"

"Mwalimu, lilikuwa langu. Niachie."

Walikutana mlangoni kwa bibi mchana ule ule, Mwalimu Kengele na Mwalimu Upepo, kila mmoja akidhani amekuja peke yake. Walitazamana, wakaona haya, wakaingia. Chiriku alikuwa mkekani na kikombe cha plastiki, anakunywa kwa mafunda makubwa. Mkono umepona. Walimsemesha, hakusema kitu. Wakamwonyesha jagi, akalitazama jagi.

"Kaeni," bibi akawaambia, akijitandaza kitandani kama mwenye nyumba hasa. "Si mlinifundisha wenyewe kwamba kazi ni kusubiri?"

Wakakaa mkekani, mmoja huku na mmoja kule. Chiriku alimaliza maji, akaweka kikombe chini, akaanza kukizungusha.